Picha za Karatasi Zinazohukumiwa Kwenye Skrini

Maonyesho mengi ya picha yenye majaji sasa huanza na faili. Mpiga picha hupakia nakala ya kidijitali kwenye tovuti, majaji huitazama kwenye skrini, na anayefuzu ndiye huambiwa achape picha yake, aitie fremu na kuituma. Kitakachotundikwa ukutani ni karatasi, ilhali kilichopigiwa kura ni mwanga wa skrini. Utaratibu huu una watetezi wenye hoja nzito, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila kuna mahali unapoonea watu, na wanaoonewa ni wale hasa waliojitahidi kujifunza kuchapa.

Watetezi huanza na gharama, na wana haki. Picha kubwa ya karatasi ikisafirishwa inadai nauli ya kwenda na kurudi, bima, pengine na ushuru wa forodha, na inaweza kurudi imekunjika pembe. Kwa anayekataliwa, na wengi hukataliwa, yote hayo ni hasara tupu. Tena kuhukumu kazi kwa mbadala wake hakukuanza na kompyuta. Kwa miongo mingi majaji wa sanaa, hata ya uchongaji, walichagua kazi kwa slaidi za milimita 35, mpaka projekta zake zilipotoweka sokoni. Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 2004. Na kuna faida moja isiyotajwa sana: jaji mwenye faili anaweza kuirudia picha kesho yake akili ikiwa imetulia. Mbele ya mrundo wa picha za karatasi, kila moja ikiwekwa chini ya taa kwa sekunde chache, zinazofika jioni hutazamwa na macho yaliyochoka. Kwangu hoja hii ina uzito kuliko hata nauli.

Lakini tuangalie jaji huyo wa skrini anaona nini. Chukua picha ya sentimita 40 kwa 60 iliyochapwa kwa pikseli 300 kwa inchi. Ndani yake mna pikseli zaidi ya milioni 33. Faili yake iliyopunguzwa hadi pikseli 1,920 upande mrefu ina milioni 2.5 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Nywele, mchanga, nyuzi za kitambaa, vyote ambavyo mchapaji alivipigania, vimekwisha kuyeyushwa kabla hukumu haijaanza. Ukubwa nao hupotea, kwa sababu picha ya kushikwa kiganjani na ile ya kujaza ukuta huonekana sawa.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye mwanga. Skrini ya kawaida ya LCD huweza kuonyesha weupe unaouzidi weusi wake takriban mara 1,000. Karatasi nzuri ya kung'aa hufika mara 200 hivi, na isiyong'aa haifiki hata 100. Programu za kuhariri zinaweza kuonyesha mapema jinsi picha itakavyotokea kwenye karatasi fulani, kwa kutumia profaili ya rangi ya karatasi hiyo, yaani faili inayoeleza jinsi karatasi na wino wake vinavyotoa rangi, na aliyezoea hushtuka kila mara kuona picha inavyopoa, yaani inavyopoteza mng'aro.

Hapo ndipo mtumaji anapobanwa. Akituma faili iliyopoa, inayofanana na karatasi yake, itakaa kando ya faili zinazowaka na kuonekana dhaifu. Akituma inayowaka, ameahidi kitu ambacho karatasi haiwezi kutoa. Waandaaji huandika kwenye masharti kwamba kazi itakayoletwa lazima ifanane na faili iliyochaguliwa, na sharti hilo ni la haki. Linachokosa ni kumlinda yule aliyelitii tangu mwanzo, kwani faili ya kweli ndiyo iliyo hatarini zaidi kuachwa.

Wapo pia ambao kazi yao haikuwahi kuwa faili. Anayechapa kwa mikono kwa chumvi za madini ya platinamu au kwa sayanotaipu, mbinu ya buluu aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, hana budi kuipiga picha karatasi yake. Anayejua huweka taa mbili, moja kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, huhakikisha hakuna mng'ao, huweka kadi ya kijivu kupimia rangi. Hata akifanya yote hayo, vivuli laini vilivyozama ndani ya nyuzi za karatasi havivuki. Jaji anabaki na picha ya picha.

Mashirikisho ya upigaji picha kama FIAP, la kimataifa, na PSA, la Marekani, yana makundi tofauti kwa picha za karatasi na kwa zile za kidijitali, na utengano huo una sababu. Kwa hiyo naona faili ibaki kwa mchujo wa kwanza, ambako kazi ni kuondoa zisizofaa, na majaji wote watumie skrini zilizopimwa rangi, huku vipimo vya picha na aina ya karatasi vikiandikwa kando ya kila faili. Tuzo zisubiri. Zitolewe karatasi zenyewe zikishafika na kuwekwa chini ya taa moja. Ikibidi majaji warudi kwa siku ya pili, hiyo ni gharama ndogo kuliko kumpa mtu tuzo ya uchapaji ambao hakuna aliyeuona.

Wapo waandaaji wanaochapa picha zote wenyewe kwa karatasi moja. Anayeishi mbali hupata nafuu kubwa, na tofauti ya faili na ukuta huwa ya wote. Sina ugomvi nao, mradi watangaze mapema kwamba wanashindanisha taswira, si uchapaji, ili anayethamini karatasi yake ajue kabla hajalipa ada.