“Nina Amani” Haitoshi

Ukitaka kujua kama ndugu kanisani amekwisha kuamua jambo, msikilize anavyomalizia: “Nimeomba, na nina amani.” Mjadala umefungwa. Anaacha kazi, anauza kiwanja, anapeleka posa, na mwenye swali anaonekana hana imani. Kwa maoni yangu, amani hii tumeitwisha mzigo ambao Biblia haikuitwisha.

Mtazame Yona. Ametumwa Ninawi, yeye anashuka Yafa. Anakuta merikebu inakwenda Tarshishi, nauli anayo, analipa. Kwa lugha ya makanisa yetu, “milango imefunguka”. Kisha anashuka chini merikebuni na kulala usingizi mzito huku mabaharia wakitupa shehena baharini. Moyo ukishaacha kubishana hutulia, hata kama umeamua vibaya. Sasa mtazame Yesu Gethsemane. Yuko katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na Luka 22:44 inasema hari yake, yaani jasho, ikawa kama matone ya damu. Kwa kipimo cha amani, Yona yuko sahihi na Yesu amepotea njia.

Mstari unaotolewa ni Wakolosai 3:15, amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu. Anzia mstari wa 12 uone: Paulo anazungumzia kuchukuliana na kusameheana, watu walioitwa katika mwili mmoja. Mume aliyekopa milioni kwa “amani” huku mkewe hajui hata jina la benki hawezi kuutegemea mstari huo. Amani ni shahidi, sikatai, lakini Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu hata kwa kesi ya kawaida.

Anayetaka kuona uongozi wa Mungu toka mwanzo hadi mwisho asome Nehemia sura ya 1 hadi ya 6 kwa mkao mmoja. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka zinamfikia Nehemia akiwa Shushani, kwa mfalme wa Uajemi, mwezi wa Kisleu. Anazungumza na mfalme Artashasta mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi minne, na kazi yake ya kumnywesha mfalme divai hakuiacha ili “amngoje Bwana”. Mfalme anapomuuliza haja yake, anaomba kimoyomoyo, kisha anajibu kama mtu mwenye hesabu mkononi: muda wa safari, barua kwa maliwali wa ng’ambo ya Mto wampitishe, barua kwa Asafu mlinzi wa msitu wa mfalme ampe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Hata jina la mlinzi wa msitu alikuwa nalo! Maombi yake yalikwenda pamoja na kuulizia mbao.

Akifika Yerusalemu anakaa siku tatu, halafu anatoka usiku na watu wachache kukagua ukuta, hadi mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Anasema wazi kwamba hakumwambia mtu alichotiwa moyoni na Mungu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Neno limeingia Jumapili, Jumatatu liko kwenye status ya WhatsApp. Ukishatangaza, kurudi nyuma ni aibu, na mtu huendelea kwa kuona haya huku akiita imani. Nehemia alitangaza baada ya kukagua, tena kwa wale watakaobeba mawe, nao wakasema na tujenge. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

Kabla haujaisha akaletewa unabii. Shemaya alimwambia wajifungie ndani ya hekalu kwa kuwa watu wanakuja usiku kumuua. Neno lina Mungu ndani yake, lina hatari ya kweli, lina haraka. Nehemia akakataa. Hakuwa kuhani, na Hesabu 18:7 inamhukumu kifo asiye kuhani akikaribia; neno linalokutaka uvunje Neno lililoandikwa halihitaji maombi zaidi. Baadaye ikajulikana Tobia na Sanbalati, wapinzani wa ujenzi huo, ndio waliomlipa Shemaya. Kwa hiyo ukipewa unabii, uliza nani anafaidika. Ukiambiwa upande mbegu, yaani utoe pesa, kwa aliyekutabiria ili neno litimie, usitoe kitu siku hiyo. Kama unataka kutoa, toa mahali pengine ambapo mtabiri hapati hata senti. Utashangaa jinsi wengine wanavyopoteza hamu ya kukutabiria.

Haraka na siri vikiambatana, simama. 1 Wakorintho 14:29 inasema manabii wawili au watatu wanene, wengine wapambanue. Unabii wa kibiblia hutolewa mbele ya watu wenye ruhusa ya kuupinga. Neno linaloagiza “usimwambie mtu, hata mama yako” limekwepa mahakama yake. Nehemia alinyamaza ili akague kwanza. Anayepewa neno la namna hii ananyamazishwa ili neno lenyewe lisikaguliwe. Wakenya walijionea mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaagiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni. Watu walikuwa wametengwa na ndugu na majirani, hakuna wa kupambanua.

La ndoa ni jepesi kuliko tunavyolifanya. Kaka akikwambia Mungu amemwonyesha wewe ni mke wake, mshukuru, mwambie Mungu anayo namba yako pia. Huna deni la kujibu unabii wa mtu mwingine kuhusu maisha yako.

Kwa kazi ya kila siku, tumia daftari lenye safu mbili. Ya kwanza andika ulichosikia, kuota au kusoma, kwa maneno yaleyale, pamoja na tarehe na hali uliyokuwa nayo: umechoka, una msiba, una deni linalodaiwa, umependa mtu. Ya pili andika unavyodhani maana yake. Mambo mengi huharibika katika safu ya pili. Katika Matendo 21 nabii Agabo anajifunga kwa mshipi wa Paulo na kusema mwenye mshipi huo atafungwa Yerusalemu. Hakusema asiende. “Usiende” iliongezwa na ndugu waliokuwa wakimpenda, na Paulo akaenda. Mtu aliyeota gari jipya na kukopa wiki hiyohiyo ameruka safu nzima.

Kisha tenganisha hatua zinazorudishika na zisizorudishika. Kuhudhuria semina ya biashara, kuchukua likizo uone kijiji unachodhani umeitiwa, kuuza nguo jioni ukiwa bado na ajira: hizo fanya mapema, hazihitaji malaika. Kuacha ajira, kuuza shamba la familia, kufunga ndoa: hapo zipe angalau miezi mitatu, na watu watatu waione hesabu yako kwa tarakimu. Mmoja awe mtu aliyewahi kukukatalia jambo. Kama huna mtu wa hivyo, hilo ni tatizo kubwa kuliko uamuzi wenyewe.

Na kuhusu kufunga. Mwenye kisukari, mjamzito na anayenyonyesha waongee kwanza na daktari. Anayetumia ARV au dozi ya kifua kikuu aendelee na vidonge kama alivyoandikiwa, mfungo au si mfungo. Kwa wenye afya, jihadhari na kuamua jambo kubwa mwishoni mwa siku tatu za maji matupu. Njaa hukuza kila sauti, ya Roho na ya kwako. Neno lililokuja siku ile liandike, ule, ulale, ulisome tena baada ya wiki.