Kabla ya Kusema Umekufa, Ufungue Kwanza

Kinachonichosha zaidi hapa Uswidi si baridi wala giza la Desemba. Ni jibu ninalopewa karibu kila ninapopeleka kitu kibovu dukani: hakina thamani ya kutengenezwa. Safari hii nimeambiwa hivyo juu ya msumeno wa mnyororo ambao niliununua kwa krona 400 kwenye soko la vitu vilivyotumika, nikijua kwamba hauwaki. Kijana wa dukani alivuta kamba kidogo, akatazama nembo ya kampuni ambayo haitengenezi tena misumeno, kisha akanieleza kwa adabu kwamba kuukagua tu kungenigharimu zaidi ya bei niliyoununulia, na kwamba mipya ya bei nafuu imepangwa kwenye rafu iliyo nyuma yangu. Hakutoa hata plagi, kile kipande kinachotoa cheche ya kuwasha injini.

Naandika haya nikiwa Småland, mkoa ambao mji wake wa Huskvarna ulianza kutengeneza bunduki mwaka 1689 na ukatoa msumeno wake wa kwanza wa mnyororo mwaka 1959. Misitu imeanza mlangoni. Kimbunga Gudrun cha Januari 2005 kiliangusha takriban mita za ujazo milioni 75 za miti kusini mwa nchi hii, na mzee jirani yangu bado anatumia msumeno alioununua wakati ule ili kuondoa miti iliyolala shambani kwake. Kwa hiyo sisemi kwamba watu wa huku hawajui mashine. Wanazijua sana. Ninachosema ni kwamba dukani, mahali ambapo mtu asiyejua hukimbilia, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi, na kwa mtoto wa Mafinga, mji ulioko Mufindi mkoani Iringa, Tanzania, jambo hilo ni gumu kulizoea.

Najua yatakayofuata. Wapo watakaosema kwamba nimefika Ulaya na sasa najifanya mwalimu, na wengine watasema kwamba sina shukrani kwa nchi iliyonipokea. Nchi hii naishukuru, na watoto wangu wanasoma hapa bila ada. Lakini shukrani haimzuii mtu kulinganisha alichokiona kwa macho yake pande zote mbili.

Anayeijua Mafinga anavijua vile vibanda vya mabati kando ya barabara, ambamo fundi wa pikipiki, wa jenereta na wa msumeno mara nyingi ni mtu huyohuyo. Shamba la Miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka yamewapa kazi isiyokwisha. Ukimpelekea fundi wa pale msumeno usiowaka, haulizi ulinunuliwa shilingi ngapi. Swali lake la kwanza ni hili: "Kaka, ulizimika ukiwa kazini, au ulikaa muda mrefu bila kuwashwa?" Swali hilo ni nusu ya kazi, kwa sababu injini iliyozimika ghafla katikati ya gogo huenda imekwaruza pistoni, ilhali iliyolala stoo miezi mingi kwa kawaida ina tatizo la mafuta. Wangu ulikuwa umelala.

Niliufungua nyumbani kwa utaratibu nilioujifunza utotoni katika vibanda hivyo, nilipokuwa natumwa spana na bisibisi. Injini ya mipigo miwili inataka mambo matatu: mgandamizo, cheche, na mchanganyiko wa petroli na hewa unaofika kwa kiasi chake. Mgandamizo ulipimwa bila kifaa chochote. Unaushika msumeno kwa mpini wa kamba ya kuwashia na kuuacha uning'inie. Ukishuka kidogo kidogo kwa kusitasita, pistoni na ringi bado zinashika, na ukiporomoka moja kwa moja, jiandae kwa gharama. Wangu ulishuka taratibu. Nikatoa plagi, na baada ya kamba kuvutwa sana ilikuwa kavu kabisa, dalili kwamba petroli haifiki kwenye silinda. Nikaigusisha kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu lake kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kuwaka, nikavuta kamba, nikaona cheche ya buluu. Kisha nikadondosha petroli kidogo sana iliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, nikaifunga na kuvuta tena. Injini iliunguruma kwa muda mfupi, ikazima.

Kwa fundi, muungurumo huo mfupi unatosha. Cheche ipo, mgandamizo upo, na kilichobaki ni njia ya mafuta. Ndani ya tangi nilikuta bomba la mpira limepasuka pale linapopita kwenye ukuta wa tangi, na chujio limeziba kwa utomvu wa petroli ya zamani. Ndani ya kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, ule utando laini unaocheza kwa msukumo wa hewa ya injini ili kuvuta mafuta ulikuwa umekakamaa kama ganda la kitunguu. Tangu Agosti 2021 petroli ya kawaida ya oktani 95 inayouzwa hapa ina etanoli hadi asilimia 10, na etanoli huvuta unyevu na kuharibu mipira ya mashine za zamani, hasa ikiachwa kwenye tangi majira yote ya baridi. Ndiyo maana wanaojua hutumia petroli ya alkileti, aina safi isiyo na etanoli, ambayo ni ghali zaidi lakini hukaa muda mrefu bila kuharibika. Bomba jipya, chujio, utando na gasketi zake vilinigharimu kama krona mia mbili. Msumeno sasa unawaka, nao umeshapasua kuni zetu za majira haya ya baridi.

Hapo ndipo ninapojivunia nyumbani, na hapo pia ndipo napingwa. Mtu ataniambia: hao mafundi wako wanatengeneza kila kitu kwa sababu ya umaskini, huo si ujuzi. Nakataa. Umaskini unaweza kumlazimisha mtu ajaribu, lakini haumwonyeshi mahali hewa inapovuja. Aliyeweza kuutambua ugonjwa kwa swali moja na kwa plagi iliyokauka ana elimu, hata kama haijaandikwa popote. VETA wenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wanalikubali hilo, ndiyo maana wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti.

Mwingine ataniambia kwamba kijana wa dukani alipiga hesabu sahihi, kwa kuwa saa moja ya fundi Ulaya ni ghali kuliko msumeno wangu. Hesabu hiyo naielewa, na serikali ya hapa inaielewa pia. Mwaka 2017 walipunguza kodi ya ongezeko la thamani kwenye matengenezo ya baiskeli, viatu na nguo kutoka asilimia 25 hadi 12, mwaka 2022 wakaishusha hadi 6, na mwaka 2023 wakairudisha 25. Mashine kama msumeno wangu haikuwahi kuwamo kwenye nafuu hiyo. Basi sikatai kwamba kazi ya mikono ina bei. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kitu kimekufa na mtu ambaye hajakigusa, wakati plagi hutoka kwa muda mfupi kuliko aliotumia kunieleza bei.

Lakini sasa niwageukie ndugu zangu wa nyumbani, kwa sababu hasira yangu haiishii Uswidi. Huku kutazama kuna bei kubwa kiasi kwamba watu wanatupa vitu vizima. Kwetu kutazama hakuna bei kabisa. Fundi atakaa na msumeno wako asubuhi nzima, ataufungua, ataugundua ugonjwa, halafu utamwuliza kwa nini anataka hela ilhali hajabadilisha kitu. "Si umekaza skrubu tu?" Kwa hiyo analazimika kujilipa kwenye spea. Anakuuzia plagi ambayo haikuhitajika, au anakuwekea utando wa bandia kwa bei ya halisi, na wewe unakwenda kumtangaza mtaani kuwa ni mwizi. Wizi huo tumeutengeneza wenyewe siku tulipokataa kulipia kichwa chake.

Na tukishamlipa kwa spea tu, tunamwambia: "Fundi, wewe fanya uwake, mengine baadaye." Ndipo oili ya kuchanganya na petroli inapopimwa kwa jicho, wakati injini nyingi za siku hizi zinataka mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na iliyopungukiwa oili hukwaruza pistoni yake. Ndipo kabureta inapolaumiwa kwa petroli iliyochakachuliwa, ingawa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka kwenye mafuta vinasaba, yaani alama za kugundulia uchakachuaji. Ndipo, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, breki ya mnyororo, inayousimamisha ghafla msumeno unaporuka, inapotolewa kwa sababu "inasumbua", na kijana anapanda kwenye gogo akiwa amevaa malapa. Hapa Uswidi wafanyakazi wa msituni huvaa suruali zenye nyuzi ndefu ambazo huunasa mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika mguuni. Nimeshaulizwa na rafiki kama nataka kijana wa Mufindi anunue suruali ya bei ya mbuzi wawili. Ningependa aipate, lakini tuanze na kisichonunuliwa: breki ilikuja na msumeno, na kuirudisha mahali pake hakuhitaji fedha ya mtu.

Mdogo wangu ana msumeno uliolala stoo Mafinga tangu mvua za mwaka jana. Nimemtumia utando wa kabureta na gasketi zake, bomba la mafuta na chujio, pamoja na karatasi ya vipimo niliyoiandika kwa Kiswahili, na fedha ya ukaguzi ambayo fundi atapewa kabla ya kufungua skrubu yoyote, hata kama atagundua kwamba vifaa hivyo havihitajiki. Mjomba wetu amenilaumu kwamba ningekuwa na upendo ningemtumia msumeno mpya. Nimemjibu kwamba mpya nao utalala mvua zijazo ukiwa na petroli ndani ya tangi, na kwamba fundi aliyelipwa vizuri kwa kuutazama wa zamani ndiye atakayemfundisha mdogo wangu kulimwaga tangi hilo mapema.