Jumapili kwa Mchungaji

Shemeji alinipigia simu Ijumaa: "Jumapili tunakwenda kwa Mchungaji." Basi nami nikapiga pasi shati, nikavaa vile viatu vyangu vyeusi vya kanisani, soli laini kama sahani. Kumbe Mchungaji mwenyewe ni kilima! Meall a' Bhuachaille, pale Glenmore, Uskoti. Maana yake kwa Kigaeli ni kilima cha mchungaji. Wa mifugo, si wa madhabahuni.

"Kadogo tu hako, shem. Mita 810."

Jamani, mimi nimezaliwa Arusha, mita 1,400. Mama alinizalia juu kuliko kilele chao, tena kalala. Sasa nipande nikatafute nini? Kwetu ukiona mtu anapanda mlima, ujue analipwa au mbuzi wake kapotea.

Misonobari sina ugomvi nayo. Ni mabaki ya msitu uliotanda huko baada ya barafu kuyeyuka, na mingine ina zaidi ya miaka 300. Miaka yote hiyo imesimama palepale, hata siku moja haijahangaika kwenda kileleni. Miti yenye akili.

Mbele kuna kiziwa cha kijani, An Lochan Uaine. Wenyeji husimulia kwamba vijini vyao hufulia humo nguo zao za kijani. Nikasema hao waliuziwa vitenge feki. Nguo gani ichuje mpaka ziwa zima? Shemeji hakucheka. Nilipokuwa nacheka peke yangu, visubi wakanivamia. Mbu wa kwetu ana adabu, anapiga hodi sikioni. Hawa wanakuja ukoo mzima, kimya, wakapitisha kapu la sadaka shingoni mwangu.

Tukafika kibanda cha Ryvoan. Hakifungwi kwa kufuli, mpita njia yeyote analala bure. Nikaomba nilale. Nikaburutwa.

Kutoka hapo ni mawe na mwinuko, mvua, jua, mvua. Bibi mmoja akashuka na mbwa wake, maji yanamtiririka puani, ananiambia eti siku nzuri!

Kileleni kuna rundo la mawe la kujikinga upepo. Nikajikinga. Wingu likafunguka kidogo, nikaona ziwa la Loch Morlich na msitu wote chini, na kusema kweli pazuri, ila shemeji sijamwambia.

Soli ya kushoto imebaki kwenye tope. Nimeingia nyumbani nachechemea, mke wangu ananiuliza mahubiri yalihusu nini.