Kama Mwaka Kogwa ni Upagani, Niandikeni

Kila ikikaribia Julai, kundi la WhatsApp la ukoo wetu hupokea sauti ileile. Ustadhi mmoja, koo limemkauka kwa hasira, anatueleza kwamba Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, ni sikukuu ya Majusi, kwamba anayekwenda Makunduchi kuangalia kibanda kikichomwa ameshirikiana na waabudu moto, na kwamba mila hii ni upagani mtupu uliovishwa kanzu. Safari hii aliyeirusha ni binamu yangu, mtu aliyekula wali wa Mwaka kwa bibi yetu tangu hana meno. Chini yake kaandika: "Tafakarini." Haya, nimetafakari.

Tumpe ustadhi haki yake: kwa upande wa asili hajasema uongo. Mwaka Kogwa umetokana na Nairuzi, na Nairuzi ni mwaka mpya wa Waajemi, na walikuwa nao kabla Uislamu haujafika kwao. Moto nao upo. Kinajengwa kibanda cha makuti, mzee anaingia, kinatiwa moto, mzee anachomoka mbio, na watu wazima na akili zao wanakodolea moshi kuona umeelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Mambo ya mizimu wanayoyafanya wazee wachache pembeni siyatetei, sijawahi kuyafuata na sina hamu. Lakini kutoka hapo hadi kuwaita watu wa Makunduchi wapagani ni safari ndefu. Jirani yao tu, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Kusini kulikuwa kunaswaliwa karne nyingi kabla hajazaliwa babu wa babu yake ustadhi.

Halafu kuna hesabu, ambayo hakuna anayeigusa kwenye sauti hizi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Ramadhani inazunguka misimu yote, ndivyo ilivyo na ndivyo tunavyoipenda. Ila mkulima anayengoja masika, au nahodha anayengoja kusi, afanye nini na Shaabani ambayo leo iko kwenye mvua na miaka michache baadaye iko kwenye jua kali? Wazee wakaweka pembeni mwaka wa jua, siku 365, wakauhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo wakajua lini walime na lini wasafiri. Hawakuuongezea siku kila mwaka wa nne, ndiyo maana Mwaka unarudi nyuma polepole. Karne ya 19 ulikuwa ukiangukia Agosti. Basi hiyo ndiyo dini ya Majusi iliyofichwa kwa bibi yangu: kujua lini apande mtama.

Lakini si kalenda inayonipeleka Makunduchi. Kinachonipeleka ni ule ugomvi.

Ambaye hajafika Kae Kuu siku hiyo hawezi kuelewa. Wanaume wa kaskazini na wa kusini wanakutana uwanjani na mabua ya migomba, wanatwangana hasa, vumbi linapanda, na kila mmoja anajua anamtafuta nani. Mjomba wangu na binamu yake walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya minazi ya urithi. Mwaka mzima wanakutana njiani, huyu anatazama baharini, yule anatazama mwituni. Nikawaona wameshikana pale kati, bua la mjomba limekatika, kabaki na kipande cha shubiri, na bado anapiga. Utomvu wa mgomba umewarukia kifuani, na utomvu ule ukishakauka kwenye nguo hautoki hata uifue kwa jiki. Walipoachana walikuwa wanahema na kucheka kama watoto walioiba embe. Ijumaa yake wakasimama safu moja msikitini. Kesi ya minazi bado haijaisha, tusidanganyane, lakini siku hizi wanagombana huku wakipeana salamu.

Na sisi wanawake tusidharauliwe, tuna uwanja wetu. Tunazunguka na kanga mpya na wanja umekolea, tunaimba maneno ambayo siku nyingine mtu angepigwa kofi. Mwaka mmoja shangazi alikuwa na kinyongo na jirani aliyeazima mbuzi yake ya kukunia nazi akajisahaulisha kuirudisha. Akapaza sauti, "Mbuzi wangu hana kwato, kaenda wapi harudi?" na kundi zima likaitikia, jirani mwenyewe akiwemo, anaimba kwa nguvu kuliko wote ili asionekane ni yeye. Asubuhi mtoto alibisha hodi na ile mbuzi mkononi, imesuguliwa mpaka meno yanameta.

Nionyesheni ofisi ya sheha, kiongozi wa mtaa, inayomaliza kesi kwa kasi hiyo. Nionyesheni kikao cha ukoo ambacho mtu anaruhusiwa kusema lililomkaa moyoni, mbele ya mji mzima, na kesho asiulizwe. Tunaishi na heshima nyingi sana sisi watu wa pwani. Tunanyamaza, tunatabasamu, tunapelekeana futari huku tumbo linachemka. Siku moja ya kutapika yote, ndiyo mnataka mtunyang'anye?

Wanaume wengine hulewa, na wapo vijana wanaoleta fimbo za kweli badala ya migomba. Hao wakamatwe.

Halafu huu unafiki. Ushirazi, ile asili ya Uajemi tunayojivunia, ulipokuwa na faida tuliuweka hata kwenye jina la chama, Afro-Shirazi, 1957, hakuna aliyeuliza Washirazi walisherehekea nini huko walikotoka. Iran wanaisherehekea Nairuzi, Uzbekistan wanaisherehekea, na ni Waislamu. Walioifuta kwenye orodha ya mapumziko ni Taliban. Binamu, hao ndio wenzako.

Wanaonikera karibu sawa na ustadhi ni wale wanaoigeuza siku hii tangazo la hoteli: mahema ya wageni rasmi mbele, hotuba tatu juu ya "fursa", na shangazi yangu anasukumwa nyuma ili droni ipate picha nzuri.

Mwaka huu nakwenda, inshallah. Makunduchi nyumba isiyokuwa na mgeni siku ya Mwaka haina raha, na shangazi ameshauliza naja na wangapi, maana anataka kujua aweke kuku wangapi. Binamu nimemwandikia kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba sahani yake ipo. Ameisoma, alama mbili za buluu zimeonekana. Hajajibu. Kama ana la kuniambia, migomba haijaisha.