Kiraka Kimoja, Badiliko Moja

Kiraka cha kwanza, yaani furushi la mabadiliko ya msimbo, nilichotuma kwenye mradi wa programu huria kilirekebisha alama moja tu: mahali palipostahili "ndogo kuliko" paliandikwa "ndogo kuliko au sawa na", hivyo kitanzi, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia, kikawa kinasoma hatua moja kupita mwisho wa orodha. Mtunzaji wa mradi alipokifungua alikuta mistari zaidi ya mia tatu imebadilika, kwa kuwa kihariri changu kilipanga upya nafasi za faili zima wakati wa kuhifadhi, nami sikupitia mabadiliko kabla ya kutuma. Alikirudisha bila kukisoma, na naamini alifanya haki.

Tangu hapo nashikilia kwamba kusafisha kiraka ni sehemu ya kurekebisha hitilafu yenyewe, wala si pambo la kuongezwa muda ukiruhusu. Anayekikagua hayajui yaliyomo kichwani mwako. Alichonacho ni mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, na kila mstari usiohusika unamlazimu kujiuliza iwapo nao umegeuza utendaji wa programu. Mwongozo wa wachangiaji wa Linux, kiini huria cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, unalitamka jambo hili waziwazi: kila badiliko la kimantiki lipelekwe kwa kiraka chake, na katika mfululizo wa viraka, kila kimoja kikishawekwa, programu iendelee kujengeka, yaani msimbo ugeuke programu inayoendeshwa, na kufanya kazi.

Sharti hilo la mwisho wengi huliona kuwa ukali wa bure, hasa wanapojua kwamba kiraka cha tatu kitatengeneza kilichoharibiwa na cha pili. Lakini hitilafu inapogunduliwa baada ya mabadiliko 1,000, amri ya git bisect, ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, huigawa historia hiyo nusu kwa nusu, na kwa majaribio yapatayo 10 humfikisha mtafutaji kwenye badiliko lililoileta. Akiangukia kiraka kisichojengeka, jaribio hilo halimpi jibu. Na akifikishwa kwenye kiraka kilichobeba mambo matano, inambidi aanze kutafuta upya, safari hii kwa macho.

Ujumbe wa badiliko, yaani maelezo yanayoambatana nalo, nao unastahili uangalifu uleule. "Rekebisha hitilafu" haumwambii mtu lolote, ilhali "Zuia kitanzi kusoma nje ya orodha" unaeleweka hata miaka mingi baadaye, mradi aya inayofuata ieleze kwa nini, maana kilichobadilika tayari kinaonekana katika msimbo.

Siku hizi hutumia git add -p, ambayo hunionyesha mabadiliko kipande kimoja kimoja na kuniuliza kama nakikubali. Ndivyo nilivyokisafisha kiraka kile nilipokituma tena: mstari mmoja umeondolewa, mmoja umeongezwa. Mtunzaji alijibu kwa swali moja, kama nimejaribu pia orodha isiyo na kitu. Nilikuwa sijajaribu, nikaandika jaribio hilo katika kiraka cha pili.