Pesa au gunia la mahindi?

Msaada kwa wenye njaa ukitajwa tu, kama uwe pesa au chakula, hakosi wa kusema: "Wakipewa pesa watazinywa." Huwa ni mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa mahindi makavu akaambiwa ashibe.

Mahindi makavu yanataka mashine ya kusaga, na mwenye mashine hasagi bure. Yanataka kuni, maji, chumvi, na walau fungu la mboga. Kule Kakuma, kambi iliyoko Turkana, kaskazini mwa Kenya, wakimbizi walikuwa wakiuza sehemu ya mgao kwa bei ya kutupa ili wapate hela za hayo yote. Yaani mahindi yalisafirishwa kwa malori hadi jangwani, kisha yakageuzwa pesa palepale, na faida akala mchuuzi.

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaleta Bamba Chakula: salio kwenye laini ya simu, la kununulia chakula tu, tena kwa maduka yaliyosajiliwa. Afadhali hiyo, ila ni nusu ya safari. Jirani hapo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, watu wengi waliishi kwa mkopo wa duka kabla salio halijaingia, na wengine wakamwachia mwenye duka laini yenyewe iwe rehani. Sasa laini yako iko kwenye droo yake. Akikupandishia bei ya unga, utahamia duka gani? Baadaye Kalobeyei walianza kulipwa pesa zisizo na masharti kupitia benki, na kwangu hapo ndipo pangekuwa pa kuanzia.

Mimi ni mtu wa pesa, basi. Lakini pesa nazo zina ugonjwa wao, na wala si pombe. Chukua Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya, ambapo mzee wa miaka 70 na zaidi hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2017, unga wa ruzuku ulipouzwa shilingi 90 pakiti ya kilo mbili, hizo zilitosha pakiti 22. Kufikia katikati ya 2022 pakiti ilikuwa imepita shilingi 200. Hata 10 hazikufika, na kiwango kilikuwa kilekile. (Mgao wa chakula nao hupunguzwa wafadhili wakikaza mkono, tusidanganyane.)

Kuna mahali bado ningepeleka lori: kijiji chenye duka moja, ukame umekaza, rafu ziko tupu. Ukimwaga pesa hapo unapandisha bei tu, na jirani ambaye hayumo kwenye orodha ndiye anaumia zaidi.

Kwingineko, serikali ifunge kiwango cha Inua Jamii kwenye bei ya unga, unga ukipanda nacho kipande. Na ilipe kila mwezi. Mzee anayengoja malimbikizo ya miezi kadhaa ameshakula kwa daftari la duka, na siku pesa zinapoingia, zinapitiliza kwa mwenye duka.