Rod Serling na bei ya fumbo

Kwa kijana anayejifunza kuandika miswada ya filamu pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, swali la siasa halikwepeki: ukisema waziwazi, mswada utapita? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka mswada upate kibali kabla ya kupiga picha. Ukivuka hapo, bado kuna mdhamini. Ndiyo maana maisha ya Rod Serling, mwandishi wa televisheni wa Marekani aliyefariki mwaka 1975 akiwa na miaka 50 tu, yanatuhusu sana.

Serling alipigana Ufilipino katika Vita Kuu ya Pili akiwa askari wa miavuli. Mwaka 1955 tamthilia yake kuhusu ukatili wa wakubwa ndani ya kampuni ilipendwa mno, ikaigizwa upya hewani wiki nne baadaye. Agosti ya mwaka huohuo Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, aliuawa Mississippi, jimbo la Kusini mwa Marekani, na washtakiwa wakaachiwa huru. Serling akaandika tamthilia juu ya mji unaomkingia kifua muuaji. Kipindi kilidhaminiwa na kampuni ya chuma, U.S. Steel. Kufikia siku ya kurushwa, mwaka 1956, kwa hofu ya mdhamini kisa kilikuwa kimehamishiwa New England, mbali kabisa na Kusini, na marehemu amegeuzwa mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Alijaribu tena mwaka 1958. Safari hii hadithi ilirudishwa nyuma hadi karne ya 19, na aliyeuawa akawa Mmeksiko.

Mwaka 1959 akabadili mbinu kwa kuanzisha The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni wa hadithi za ajabu na za kubuni. Kati ya sehemu zake 156, yeye mwenyewe aliandika 92. Katika mojawapo umeme unakatika mtaani, majirani wanaanza kushukiana kuwa ni viumbe kutoka angani, na mwisho wanamalizana wenyewe. Hakuna chama wala jimbo lililotajwa, lakini Wamarekani walikuwa wametoka juzi tu kwenye msako wa wakomunisti.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Fumbo lilimfikisha sebuleni kwa watu ambao wangezima televisheni wakihubiriwa, na hadithi zile zinatazamwa hadi leo. Sisi watu wa pwani tusingeshangaa: mashairi yetu, taarabu na kanga vimesema mengi kwa njia hiyo. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua.

Hata hivyo, mimi nasita. Hofu na chuki ni tabia za wanadamu wote, na fumbo linazitosha. Kifo cha Till kilikuwa na mahali, tarehe na wahusika. Ukikipeleka angani, mtazamaji wa Mississippi anaweza kukitazama kwa raha, akidhani anayesemwa ni mwingine. Simlaumu Serling; alipigania maneno yake mpaka akaitwa mkorofi. Ila nisingependa ushindi wake wa baadaye ufute kile alichonyang'anywa mwaka 1956.

Uingereza nayo inaonyesha kwamba tatizo halikuwa ukali wa lugha. Novemba 1966 BBC, isiyoishi kwa matangazo ya biashara, ilirusha tamthilia ya Jeremy Sandford kuhusu familia inayokosa makazi hadi mama ananyang'anywa watoto wake. Ilisema wazi, na nchi nzima ikaanza kujadili makazi. Nani analipia kipindi ni jambo zito kuliko kipaji cha mwandishi.

Hapa kwetu, chukua mswada kuhusu wanakijiji wanaodai fidia ya ardhi iliyochukuliwa kupisha mradi mkubwa. Ukiwahamishia sayari ya mbali, mdhamini atalala usingizi. Lakini mzee anayesubiri malipo atataka kusikia jina la kijiji chake, na ningemshauri mwandishi aanze na rasimu yenye jina hilo, aipeleke ikakataliwe kwa maandishi, ndipo afikirie fumbo.